Mama Mkwe Kwenye Tela la Wageni

Hii hamtaiamini, na siwalaumu. Hata mimi, niliyevuka Kilombero na trekta lisilo na breki, nilipoisikia niliomba maji ya kunywa. Lakini Severini mwenyewe yupo hapa, anamenya muhogo na kujifanya hasikii.

Severini ni dereva wa watalii pale Ifakara. Siku hiyo alitumwa Mngeta kurudisha tela la kulalia: sanduku kubwa la bati lenye magurudumu, ndani godoro, na juu paa ambalo ukifungua vifungio linajiinua lenyewe na kuvuta kuta za turubai. Wageni walishapanda treni. Pikapu yake ya kulivutia imejaa mahema, kiti cha abiria ni kimoja tu, ubavuni mwa dereva.

Na Mngeta ndiko anakoishi mama mkwe wake, Mama Apolonia. Tangu harusi hajakanyaga kwa Severini. Sasa mkewe, Dativa, amejifungua, na bibi anatakiwa aje kumwona mjukuu. Severini alikuwa hali, halali: huyu mama akiingia kwangu akala, basi na mimi ni mtu.

Lakini mtu na mama mkwe wake wakae bega kwa bega mpaka Ifakara? Magoti yagongane kila shimo? Thubutu! Severini akasimama mbali, macho kwenye kandambili zake.

“Shikamoo mama. Huko nyuma kuna chumba. Kina godoro.”

“Marahaba. Chumba cha nani?”

“Cha wageni, mama.”

“Kwani mimi mwenyeji?” Akapanda, akajilaza. Severini akafunga paa, akaacha kidirisha cha hewa.

Barabara mnaijua. Mvua ilikuwa imenyesha, ng'ombe wameikanyaga mpaka imekuwa uji. Alikwama, akachimba kwa jembe, akatandika matete, akatoka, akakwama tena. Kila akiuliza, “Mama, uko salama?” sauti ilijibu, “Endesha.” Mgongo umekufa, tope limefika masikioni, lakini moyoni anaimba.

Walipofika Namawala, wavuna mpunga wakaacha miundu, wakapiga vigelegele. Severini akadhani wanalisifia tela. Akapiga honi. Akapunguza mwendo, mjinga huyu, ili waone vizuri! Alivuka kijiji kizima anapunga mkono kama mbunge.

Ndipo akatazama kioo. Vifungio vilishafyatuka kwenye mashimo, paa liko juu, turubai zinapepea, na katikati, kwenye godoro, mama mkwe wake kichwa wazi, ameng'ang'ania kitenge kwa mikono miwili.

Akasimamisha gari. Aende? Atamwona mama mkwe kitandani. Asiende? Basi akaenda kinyumenyume, anapapasa hewa kama mlevi anayetafuta mlango, na wanawake wa Namawala wamekaa chini kwa kicheko.

“We shemeji!” mmoja akapaza sauti. “Siku hizi mkwe anatembezwa na kitanda chake?”

Mkono wake ulipolipata paa, sauti ikatoka nyuma yake: “Baba, ukilishusha utanizika.”

Angepata shimo angejifukia. Wanawake walewale ndio waliomteremsha mama. Akajifunga kitenge, akapiga kilemba, akampita Severini, akapanda mbele.

“Mama, lakini humo mbele...”

“Humu aibu ni yetu wawili. Kule nyuma ilikuwa ya Namawala nzima. Endesha.”

Wakaenda hivyo, kila mmoja anatazama dirisha lake. Nani aliyekuwa anatazama barabara, Mungu ndiye anajua. Severini hakuthubutu hata kukohoa. Aliwaza: haingii kwangu. Atamwona mtoto uani, kisha atageuka.

Na kweli, walipofika mama alisimama uani. Dativa akatoka na mtoto. Severini akajibanza nyuma ya pikapu, eti anakagua tairi. Mama Apolonia akampokea mjukuu, akamtazama sana.

“Mumeo yuko wapi?”

“Yuko kwenye tairi, mama.”

“Mwambie tairi ni zima. Kilichoharibika ni paa.” Akavua kandambili mlangoni, akaingia.

Na alivyoingia, jamani, alikula! Wali sahani saba, kitoga mzima, yule samaki wa mtoni, mkubwa kama mtumbwi, akaomba na ukoko, akaukwangua mpaka sufuria ika...

“Mjomba,” Severini akasema, kisu kimesimama kwenye muhogo. “Sahani moja. Na mimi yangu niliilia kulekule nyuma ya pikapu.”