Kinu cha Sombe kwenye Soko la Kithai

Mchi uliposhuka tena, kinu kilitoa mlio mkavu kama wa kuni inayopasuka, na maji ya ndimu yakaanza kutambaa mezani. Tereza alibaki ameushika mchi hewani. Ufa ulikuwa umeanzia mdomoni ukateremka hadi kitakoni. Alipokigusa kwa kidole tu, kinu cha udongo cha Mama Malai kilifunguka vipande viwili kama boga.

“Yesu wa Nazareti,” alisema Eseza kutoka upande wa kijisanduku cha pesa. “Mama Shalom, umeua.”

“Nyamaza.”

“Nanyamaza. Lakini umeua.”

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya soko, mwezi wa sita mwaka 2009. Kila kiangazi Wathai wa Stockholm walikuwa wakikutana kwenye uwanja ulio karibu na kituo cha Hagsätra, pale treni inapofikia mwisho. Walipanga vibanda vyao, na moshi wa mishikaki ya kuku ukapanda hadi kwenye roshani za maghorofa. Eseza, Mganda aliyesali na Tereza kanisa moja, alikuwa amekuja kumsaidia kupokea pesa, lakini asubuhi nzima alizurura kwanza. Alionja wali uliopikwa kwa tui na kuliwa na embe, akanusa mafungu ya mchaichai, kisha akakuta mihogo na majani ya migomba akapiga kelele: “Kumbe hawa watu ni ndugu zetu na hakuna aliyetuambia!”

Tereza hakucheka. Yeye hakuja kutembea.

Alitoka Uvira, Kongo, akakaa kambini Tanzania, akafika Uswidi na mwanawe Shalom akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tangu hapo alikuwa amesafisha maofisi kabla wenyewe hawajaamka. Watu aliowafutia meza miaka yote hiyo hawakuujua uso wake. Kisha Mama Malai akamchukua kuosha vyombo kwenye kibanda chake cha saladi ya papai bichi. Malai alikuwa na Kiswidi cha jikoni, Tereza alikuwa na Kiswidi cha ndoo, na kwa vile viwili wakaelewana viangazi viwili. Tereza alimenya, alichana, alisuuza, alibeba. Kuponda alikuwa akiponda Malai peke yake.

Juzi yake Malai aliteleza bafuni akavunjika mguu. Kutoka kitanda cha hospitali alipiga simu akasema, “Ponda wewe. Nimekuona unavyoangalia.” Na msimamizi wa soko, bwana mmoja mrefu wa kizibao cha njano, alikuwa amekwishapita akisema kwa upole wote kwamba kibanda kisichouza siku ya ufunguzi kinaachia nafasi yake, maana wako wengine wanaosubiri. Malai hakuwa na kazi nyingine. Tereza alikuwa nayo, ile ya alfajiri, na ndiyo aliyokuwa akiikimbia.

Macho yake kweli yalikuwa yameangalia viangazi viwili. Bega lake halikuangalia kitu. Bega lilijua sombe. Kwao majani ya muhogo hupondwa kutoka juu, kwa mwili mzima, mpaka yalainike kabisa, na mwanamke anayegusagusa huambiwa anataka kuwalisha watu nyasi. Basi sahani ya kwanza ya papai ilitoka uji. Mteja wa kwanza, mama mmoja Mthai mwenye kofia pana ya ukindu, aliinusa, akaisukuma nyuma.

“Hii ya mtoto asiye na meno?” aliuliza kwa Kiswidi. Hakuondoka. Alikwenda kukaa kwenye benchi, mikono kifuani, na wenzake waliokuja nyuma yake wakasimama kando kuona atafanya nini. Hofu ilipomwingia Tereza, mkono wake ulikimbilia kile ulichokijua, yaani nguvu. Ndipo kinu kikapasuka.

“Tumpigie tumwambie,” alisema Eseza.

“Akisikia atasema tufunge. Tukifunga, nafasi imekwenda.”

“Sasa utaponda kwa nini? Kwa kiatu?”

Tereza alivivika vile vipande kitenge chake, akavisukuma chini ya meza. “Nishikie hapa,” alisema, akaondoka mbio.

Kinu chake mwenyewe kilikaa chini, kwenye ghala la jengo lao, ng'ambo tu ya uwanja. Zamani kilikaa jikoni, mpaka jirani wa ghorofa ya chini alipopanda kuuliza kama kuna mtu anavunja ukuta. Kilikuwa cha mti, kizito, na ndani kimekolea ukijani usiotoka. Alikikumbatia kama mtu anayemtoa mtoto kwenye moto, akavuka nacho uwanja mzima huku wauza tambi wakigeuza shingo. Alikisugua kwa chumvi na ndimu, akakimwagia maji ya moto, akasugua tena.

“Bado mnauza?” Msimamizi alikuwa amerudi. Alitazama sahani zilizolala tupu.

“Tunaosha kinu,” Eseza alimjibu kwa Kiswidi, ameinua kidevu. “Kwetu usafi kwanza. Kwenu vipi?”

Bwana yule alisema angepita tena baadaye kidogo. Kabla hajafika kibanda cha pili, simu ya Tereza iliita.

“Tere,” ilisema sauti ya Malai. “Niweke kwenye spika. Niweke karibu na kinu. Halafu ponda, nisikie.”

Eseza alitikisa kichwa: usifanye. Lakini Tereza alikwishalaza simu mezani. Alitia pilipili na kitunguu saumu, akainua mchi, akapiga. Alipiga tena. Kwenye benchi, mama wa kofia aligeuza sikio.

Tereza alipiga mara ya tatu mbele ya simu. Kisha:

“Hicho si kinu changu.”

Tereza aliuweka mchi chini. “Si chako, Mama. Ni changu. Chako kimevunjika. Nimekivunja mimi.”

Upande wa pili kigari cha hospitali kilipita kikilia magurudumu. Kilipita mpaka kikaisha.

“Nilikipakata mapajani kwenye ndege,” alisema Malai. “Safari nzima.”

“Najua, Mama.”

“Hujui.”

Eseza alikuwa akizipanga upya sahani tupu. Mama wa kofia alisimama kutoka kwenye benchi, na wale wenzake nao wakajiweka tayari kuondoka.

“Nani anangoja hapo?” aliuliza Malai.

“Yule mama wa kofia ya ukindu.”

“Yeye!” Sauti ilibadilika. “Huyo akiondoka, wote wanaondoka. Shika kijiko mkono wa kushoto. Tia papai. Umeshika? Kinu cha mti kina uzito wake, hakitaki bega lako. Kunja kiwiko. Piga pembeni. Geuza kwa kijiko. Piga. Geuza… Tere! Unapiga kama unamdai. Papai amekukosea nini?”

Tereza alibana kiwiko ubavuni. Bega lilitaka kupanda, akalikataza. Piga, geuza. Karanga, kamba wakavu, nyanya, sosi ya samaki. Mlio ulikuwa mzito, kisha ukawa mwepesi, kisha ukapata mwendo.

“Hapo,” simu ilisema. “Hapo hapo. Usiache.”

Mama wa kofia alikula amesimama. Alitafuna taratibu, macho yakiwa kwenye kile kinu cha kijani, kisha akaiinamia simu akasema maneno marefu kwa Kithai. Malai akajibu kwa marefu zaidi. Tereza aliangalia midomo, akaangalia nyusi, asiambulie kitu. Kizibao cha njano kilikuwa kinarudi.

“Anasemaje?” alinong'ona.

“Anasema ina harufu ya majani.”

“Mama, nimesugua, kwa chumvi na—”

“Anasema si mbaya. Ongeza pilipili mbili. Na anataka nyingine ya kubeba.”

Yule mama akatoa pesa, na nyuma yake wenzake wakajipanga foleni. Msimamizi alifika, akahesabu vichwa kwa macho, akaendelea na njia yake.

“Tere,” Malai aliita. “Vipande viko wapi?”

“Kwenye kitenge changu.”

“Usivitupe. Nitakuja kuviona. Na hicho chako usikioshe kwa sabuni. Mti unakunywa sabuni, Jumamosi ijayo watu watakula povu.”

Simu ilikatika. Tereza alijifuta uso kwa kiwiko, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi, akamtazama mteja aliyefuata.

“Pilipili ngapi, mama?”