Kocha wa Magongo ya Mpera

Tawi bichi la mpera likiwekwa juu ya makaa hutoa harufu kali, tamu kidogo na chungu kidogo, inayoingia kwenye nywele na kukaa humo hata baada ya kuoga. Katika kijiji chetu, kando ya barabara iendayo Buseresere, harufu hiyo ilinifuata kiangazi kizima cha mwaka niliomaliza darasa la saba. Tuliyachoma matawi ili yalainike, tukayakunja ncha, tukayafunga kwa kamba ya katani na kuyaacha yapoe yakiwa yamepinda. Hayo ndiyo yaliyokuwa magongo yetu. Mpira tuliusuka kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nao ulidunda upande mmoja tu. Mchezo wenyewe uliletwa na mwalimu wa mazoezi, kijana aliyetoka chuoni, ambaye alitufundisha mpira wa magongo kwa muhula mmoja kisha akarudi alikotoka, akituachia sheria vichwani na hamu isiyo na pa kwenda.

Nilikuwa nimekwisha fanya mtihani wa mwisho na nasubiri majibu, na mtoto anayesubiri majibu huonekana hana kazi. Mwalimu Mkuu, mtu mpole wa maneno na mgumu wa maamuzi, aliniita chini ya ukingo wa paa la darasa. “Minza, ng’wanawane,” alisema, kwani kila mtoto kwake alikuwa mwanawe, “wewe ndiye unayezikumbuka zile sheria. Wachukue hawa wa darasa la nne na la tano uwafundishe.” Shule moja ya Chato ilikuwa imekubali kuja kucheza nasi kabla ya mvua. Kisha akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba wazazi walitaka uwanja ulimwe pamba. Yeye alikuwa amewaomba wasubiri mechi hiyo. “Mkishinda nitapata la kuwaambia. Msiposhinda, mvua ya kwanza maksai wanaingia.”

Hakujua alichoweka mikononi mwangu, au pengine alijua. Uwanja ule ulikuwa mahali pekee kijijini ambapo msichana aliweza kukimbia bila kuulizwa ametumwa wapi. Kwingine kote, mbio za msichana zilihitaji sababu: ndoo imesahauliwa kisimani, mtoto analia, mgeni amefika. Pale nilikimbia kwa kuwa nina miguu. Ndiyo maana nilijitwisha ukocha kwa moyo mzito, nikiwa na umri wa kuogopa kila kitu na kimo cha kuonewa na kila mtu.

Wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini wachezaji wangu hawakutaka kuinama. Wengi walikuwa wachungaji, na mchungaji hushika fimbo yake juu, begani, tayari kumrudisha ng’ombe mkorofi. Niliwaambia wasukume mpira chini chini. Wao waliupiga kama wanaofukuza fisi. Niliwaambia watawanyike, wakaufuata kwa kundi moja, kama ndama wanaomfuata mama yao, hata vumbi likawafunika wasionane. Leo wamekuja wote, kesho nusu yao wako malishoni. Kabula, golikipa wangu, alifika siku moja mikono mitupu, akilia, kwa sababu mama yake alikuwa amelifanya gongo lake kuni za kupikia ugali. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Nikirudi nyumbani, mama aliniuliza, “Umefundisha nini leo?”

Lakini kilichonitia wazimu hasa kilikuwa suala la kurukana. Kwetu, mtu akiwa amelala au amenyoosha miguu, humruki. Ukimruka, hatakua tena, atabaki na kimo kile kile mpaka kufa. Dawa ni moja tu: aliyeruka arudi, aruke tena kuelekea alikotoka. Sasa fikiri mchezo wa magongo, ambamo kila dakika kuna mtu chini. Malimi, mshambuliaji wangu mwenye mbio kuliko wote, angekuwa anaelekea golini peke yake, halafu sauti inatoka vumbini, “Malimi, umeniruka!” naye anauacha mpira kama ulivyo na kurudi. Siku moja nilisimamisha mazoezi, nikatangaza kwa ukali wote niliokuwa nao kwamba ndani ya uwanja hakuna kudumaa.

“Hiyo sheria kaiweka nani, dada?” Malimi aliuliza.

“Nimeiweka mimi.”

“Wewe mwenyewe umekua?”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilikuwa mfupi kuliko baadhi ya wale wa darasa la tano. Baada ya ubishi mrefu tulifikia mapatano: anayemruka mwenzake ataendelea na mchezo, na mpira ukitoka nje ndipo atarudi kumruka upya. Wote walikubali, na Malimi ndiye aliyekubali kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Nilikwenda kulala nikijiona nimeishinda desturi ya mababu.

Siku ya mechi, wageni walishuka kwenye lori wakiwa na soksi zinazofanana, na jambo hilo peke yake lilitosha kututisha. Hata hivyo tulicheza. Sijui walikuwa wameyaficha wapi mafundisho yangu muda wote ule, lakini siku hiyo waliinama, wakatawanyika, wakapeana mpira. Wazazi, waliokuja kuupima uwanja kwa macho ya wakulima, walianza kushangilia. Hakuna aliyefunga. Jua likiwa limeinama, Malimi aliunasa mpira katikati, akawapita wawili, na beki wao wa mwisho akateleza na kuanguka kifudifudi mbele yake. Golikipa wao alikuwa ametoka mbali mno, na sasa aliachwa nyuma. Malimi akamruka yule beki. Mbele yake hapakuwa na kitu ila miti miwili ya goli na anga.

Akasimama. Nilimwona akigeuka, akaiacha ile tyubu ikibingirika polepole na kufia vumbini, akarudi, akamruka yule mtoto wa Chato kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango wa jirani uliosahauliwa wazi. Nilipiga yowe. Yule golikipa akauwahi mpira na kuupeleka mbele, wenzake wakaukimbiza, na kabla Malimi hajanyanyua kichwa ulikuwa umekwisha pita pembeni mwa Kabula. Kilichoniumiza zaidi ya goli lile ni makofi. Wazazi wetu walikuwa wakipiga makofi, na hawakuwa wakiwapigia wageni. Walimpigia Malimi. Mama alikuwa miongoni mwao. “Huyu amelelewa,” nilimsikia Mwalimu Mkuu akisema.

Nilimvuta Malimi kando. “Tulipatana nini?”

“Tulipatana sisi kwa sisi, dada,” alisema akihema. “Yule hakuwepo. Na angepanda lori akaenda zake. Ningempata wapi?”

Mvua ya kwanza ilinyesha, na maksai wakaingia. Waliompigia makofi Malimi ndio waliolishika plau.

Nimesoma hadi chuo kikuu tangu wakati huo, na sasa naishi Kalangalala, mjini Geita. Jioni huenda kumtazama binti yangu akicheza kandanda, ana viatu vya njumu na kocha mwenye filimbi, na hakuna anayemuuliza ametumwa wapi. Ningepaswa kufurahi tu. Lakini kijijini pamba ilipokosa bei uwanja ule ukauzwa vipande vipande, na leo pana karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inayonguruma kutwa, na wasichana hupita pembeni yake na ndoo zao, wakitembea. Watu huniambia tenda wema nenda zako. Mimi nakubali wema ule. Nimeutafakari miaka mingi na sijaona kosa lake. Ninachokataa ni kwamba haukugharimu kitu, kwa maana waliousifu hawakutoa chochote.

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Chato. Mwanamume wa rika la Malimi, mrefu ajabu, alinyoosha mkono tu akanishushia mzigo wangu kutoka juu ya basi bila kupanda popote. Nikamkumbuka yule beki aliyerukwa, nikamuuliza alisoma wapi shule ya msingi. Alishangaa, akajibu, “Sengerema, mama.” Nikachukua mzigo wangu na kuondoka, bila hata kumshukuru.