Mtetezi wa Gesi

Msukuma toroli wa hospitali hafungui mlango kwa mkono. Huupa mgongo, huvuta pumzi, husema "Haya, twende," kisha huusukuma kwa makalio huku akivuta toroli la mashuka. Penseli haibanduki sikioni, na mfukoni mna kitabu cha kemia kilichochakaa, maana Alhamisi anarudia mtihani kwa mara ya tatu. Mfamasia humfundisha wakati wa chai, na swali moja limemtoa jasho: gesi ikitanuka kuingia kwenye chupa isiyo na kitu ndani, hata hewa, imefanya kazi kiasi gani? "Sifuri, kazi ni kusukuma kitu," mfamasia humwambia kila siku, naye kila siku huwaka. "Imetoka huku, imejaa kule, safari yote hiyo, halafu mnaiandikia sifuri? Dada, huo ni uonevu!"

Leo asubuhi seremala alikuwa ameung'oa mlango wa wodi ya tatu akautengeneze. Mfamasia alimwona msukuma toroli akigeuka, akivuta pumzi. "Haya, twende," na mzee mzima akaenda chali, toroli likapinduka, mashuka yakamfunika gubigubi. Mfamasia akakimbia. "Umeumia, kaka?" Lundo likaanza kutikisika kwa kicheko. "Dada, hakukuwa na cha kusukuma!" Mkono ukachomoza, ukapapasa sikio, ukaipata penseli. Pale pale sakafuni akafungua kitabu, akaandika sifuri kubwa kando ya lile swali, akashusha pumzi ndefu.

"Gesi nayo," akasema. "Kumbe muda wote nilikuwa naitetea bure."