Mshonaji wa Bondeni

Hata baada ya mtaa wao wa kando ya mto Nyabugogo kuhamishiwa Busanza, juu kilimani, watu waliendelea kumwita mama huyu mshonaji wa bondeni. Alishona kanzu na magauni huku akiimba kaswida kwa sauti ya chini, na kabla ya kukata kitambaa alikipapasa kwa kiganja toka pindo hadi pindo. Kule bondeni mto ulipofura, yeye ndiye aliyepita akigonga milango, maana nyumba yake ndiyo iliyotangulia kuingia maji.

Mchana mmoja mvua kubwa ikashuka Busanza. Akaacha cherehani, akatoka kwenye korido ya ghorofa, akagonga mlango hadi mlango. Majirani wake wa zamani, kwa mazoea, wakatoka mbio wamebeba watoto na magodoro. Joselyne, mpangaji mgeni kutoka Burundi, akamshika mkono.

"Mama, huku mto hauwezi kufika."

"Najua, mwanangu," akajibu, bado anahema. "Lakini tangu tuhamie hapa, nani amemwona mwenzake?"

Watu wakatazamana. Kisha mmoja akatandika godoro lake pale pale koridoni, akamwambia mshonaji aketi, na mwingine akarudi ndani kuinjika chai.