Mpanga viti wa mabalozi wasiosalimiana

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Millicent Awiti amepiga magoti kwenye zulia la ukumbi wa mikutano, katika hoteli moja katikati ya jiji la Nairobi. Mkononi ana kamba ya katani. Anapima kutoka kiti cha mwenyekiti hadi kiti cha kwanza cha kushoto, anafunga fundo, kisha anahamia kulia.

"Ukizidisha inchi mbili tu, mtu atasema amedharauliwa," anasema bila kuinua kichwa.

Mama huyu wa miaka 47, mkazi wa mtaa wa Kabiria, amepanga kumbi hapa kwa miaka kumi na mmoja. Bado ni kibarua wa shilingi 900 kwa siku, na siku isiyo na mkutano hana chake. Kwa wiki tatu sasa ana barua ya onyo: akikosea tena, aage.

Leo wajumbe wa serikali mbili jirani wanarudi mezani. Wanavutana kuhusu tume ya kimataifa ya haki za binadamu inayochunguza vita vya mpakani mwao. Upande mmoja unataka iendelee. Wa pili unasema huko ni kuingiliwa mambo ya ndani.

Katika kikao kilichopita, Awiti aliweka kibao chenye jina la tume safu ya mbele, bega kwa bega na serikali.

"Mgeni ametoka mbali, kweli utamuweka nyuma?" anauliza.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Jirani yake huko Kabiria, ambaye jina lake tunalihifadhi, alikimbia vita hivyo. Alitoa ushahidi kwa tume, na hadi leo hajui mumewe yuko wapi.

"Nikaona hiyo jina ya tume, nikamkumbuka. Nikaiweka mbele na roho safi."

Ujumbe mmoja ulikusanya makaratasi yake ukatoka. Kuikalisha tume pamoja na serikali, walisema, ni kuitambua. Siku nzima ikapotea. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Ni wazi hawakuwahi kuhudhuria mkutano wa mabalozi.

Barua ya onyo iliandikwa na msimamizi wa kumbi, Ephantus Waithaka. "Iliniuma," anakiri, akimwita Awiti kwa jina la mwanawe. "Hakuna mtu hapa anapanga kama Mama Quincy. Lakini wakubwa walitaka jina ya mtu."

Saa tatu, mambo yanaanza tena. Mjumbe mmoja mrefu anagoma mlangoni. Anadai upande wa pili umesogezwa karibu na mwenyekiti. Waithaka anamtazama Awiti.

Awiti hajitetei. Anampa mjumbe huyo ncha moja ya kamba, anavuka ukumbi, na kumpa mpinzani wake ncha nyingine.

"Waheshimiwa, naomba mpime wenyewe."

Kwao Ugenya, anaeleza baadaye, ndugu wakigombania mpaka wa shamba hawapimiwi na mtu. "Kila mmoja anashika upande yake. Hapo lazima muangaliane."

Basi wanaume wawili wenye suti, ambao hawajasalimiana tangu wafike jijini Jumatatu, wanainama, mmoja kwenye kiti cha mwenyekiti, mwenzake kwenye kiti cha kushoto. Wanahamia kulia. Fundo linaangukia palepale.

"Ni sawa?" anauliza mmoja.

"Ni sawa."

Mwandishi huyu alijizuia kupiga makofi, na haikuwa rahisi.

Kamba haikuwapatanisha. Wanabishania karibu kila aya ya makubaliano hadi saa kumi jioni, na tume inaambulia miezi sita tu ya kuendelea na uchunguzi, ikiwa imeketi safu ya nyuma. Lakini hakuna aliyetoka.

Wageni wanapoondoka, Waithaka anamfuata Awiti kati ya meza. "Mama Quincy, ile barua nimeifuta. Na jina yako nimepeleka juu, uandikwe kazi ya kudumu."

"Usinichezee, Waithaka."

"Na nikuchezee nikipata nini?"

Awiti anaketi kwenye kiti kilicho karibu. Ni mara ya kwanza tangu asubuhi, na anafuta macho kwa kitambaa cha meza ambacho atalazimika kukifua mwenyewe.

Kazi ya kudumu ina likizo, na hajawahi kupata hata moja. Namuuliza kama atakwenda Ugenya kupumzika. Anatikisa kichwa. Ataiweka likizo hiyo hadi siku vita vitakapokwisha, amsindikize jirani yake hadi ng'ambo ya mpaka, hadi mlangoni pa nyumba yake.

"Nimeketisha wakubwa wengi," anasema. "Huyo nataka nimuone ameketi kwake."