Mwanaume Aliyeoa Boksi

"Wewe alikuolea treni gani?"

Hilo ndilo swali Rehma aliulizwa Jumapili moja asubuhi, mlangoni pake Kaloleni, mikono bado ina unga wa mahamri.

Aliyeuliza ni mwanamke asiyemjua kabisa. Rehma akadhani ni mgonjwa wa akili, akataka kufunga mlango.

Mwanamke akaweka mguu.

"Naitwa Swaumu, natoka Usenge. Nilikuwa bibi ya Obeid kabla yako. Mimi alinioa kwa ajili ya treni ya kijani. Wewe je?"

Wacha nirudi nyuma kidogo. Rehma ni rafiki ya mama yangu, na haya alinieleza kwa mdomo wake mwenyewe. Kila akitaja jina la huyo bwana alikuwa anatema mate nje ya dirisha.

Babake Rehma, Mzee Muhidin, alikuwa gadi wa treni ya abiria zamani. Mzungu mmoja akirudi kwao alimwachia treni ya kuchezea ya mtoto wake.

Si kile kitu cha plastiki unachojua wewe. Hii ilikuwa ya bati, imepakwa rangi nyekundu: injini, mabehewa, reli za kuunganisha, ufunguo wa kuizungushia na kichupa cha mafuta. Yote imelala ndani ya boksi lake la kwanza, lile lile la dukani, na picha juu ya kifuniko.

Kila Idd Mzee alikuwa anaitoa, inazunguka sakafuni, Rehma anapiga makofi. Ikimaliza, kila kipande kinarudi mahali pake.

Sasa Obeid alikuwa fundi wa saa pale karibu na soko la Jubilee. Mtu nadhifu, sauti ya chini, kucha safi kama za daktari. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: kukusanya treni za kuchezea za zamani. Na hakutaka treni tu. Lazima iwe na boksi, ufunguo, makaratasi, kila kitu.

"Treni bila boksi ni maiti bila sanda," alikuwa akisema.

Aliposikia habari za Mzee Muhidin, alikwenda kutaka kununua.

"Hiyo haiuzwi, bwana," Mzee akamwambia. "Ni ya Rehma. Atakakoenda itaenda naye."

Unaona hayo maneno? Mzee alidhani anafunga mlango. Kumbe anaufungua.

Baada ya hapo Obeid akaanza kuja jioni na machungwa. Anamsalimu Mzee, anamwuliza Rehma habari za kazi, anacheka. Rehma umri ulikuwa unasonga, na majirani walikuwa wameanza kunong'ona. Alifurahi. Nani asingefurahi?

Wakaoana mwaka wa themanini na sita.

Siku ya kumhamisha bibi harusi, Obeid alikaa mbele kwenye pikapu, boksi mapajani, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Rehma alikaa nyuma na godoro.

Alicheka siku hiyo. Akadhani ni vituko vya mwanaume mwenye furaha.

Maisha yakaanza. Kulikuwa na chumba kimoja cha treni, kina kufuli, na ufunguo unalala shingoni mwa Obeid. Kabla ya kuingia humo alikuwa ananawa mikono kwa spiriti. Lakini akitoka chooni kuja mezani, hata maji hagusi. Anachovya tu ugali.

Siku moja Rehma alichungulia. Akamwona amefungua kifuniko kidogo, ameingiza pua ndani ya boksi, anavuta. Macho ameyafumba. Anameza mate, glu, glu, kama mtu aliyewekewa nyama ya kuchoma.

"Yawa, nilisisimka mwili," Rehma aliniambia. "Na usiku pua hiyo hiyo inakuja shingoni kwangu."

Halafu Mzee Muhidin akaugua. Walimleta akae kwao, na kwa kuwa hakukuwa na chumba kingine, akalazwa kwenye kile cha treni. Obeid alinung'unika wiki nzima kwamba kikohozi cha mzee kitaleta unyevu kwa maboksi.

Mzee akafariki humo.

Wanaume wakaja kumwosha. Rehma alikuwa nyuma ya pazia, analia, ndipo akasikia sauti ya mumewe:

"Ngojeni kwanza. Msogezeni mzee upande ule. Maji yatalowesha boksi."

 Waoshaji wakatazamana, kisha wakamsogeza.

Rehma alimeza hilo. Akajiambia ni majonzi, watu hulia kwa njia tofauti. Tunajidanganyaga sana, si eti?

Basi, Jumapili ile ndiyo Swaumu amesimama mlangoni, na Obeid ametoka.

"Treni ya kijani ilikuwa ya babu yangu," Swaumu akasema. "Alinioa, akaipata, mwaka haukuisha akanipa talaka. Sijamfuata yeye, mama. Nimekuja kuchukua kitu ya babu."

 Rehma aliingia jikoni, akatoka na mchi wa kinu. Kufuli la chumba cha treni lilivunjika kwa pigo la pili.

Boksi la kijani lilikuwa juu ya rafu. Swaumu akalifungua. Juu ya mabehewa kulikuwa na picha yake, amevaa nguo ya harusi. Chini ya picha, kofia ya babu yake ya kuswalia, bado ina alama ya jasho.

"Hii kofia tuliitafuta siku ya mazishi," Swaumu akasema polepole.

Rehma akavuta boksi lake.

Picha yake ya harusi. Filimbi ya babake ya ugadi. Na kando ya kichupa cha mafuta, kwenye kipande cha pamba, kitu kimefungwa vizuri.

Akafungua pamba.

Meno ya bandia. Ya babake. Bado yana wekundu wa tambuu.

Rehma alitapika hapo hapo sakafuni.

Obeid alirudi akawakuta hivyo. Hakumwuliza Swaumu amefikaje, wala hakumwuliza Rehma ana nini. Alitazama matapishi, kisha rafu.

"Yamefika kwa boksi?"

"Obeid," Rehma akasema, "meno ya baba yangu yanafanya nini humu?"

"Hiyo ni historia yake. Wazungu wanaonunua wanataka kujua mwenyewe alikuwa nani, akarithi nani. Kila kitu kiwe kamili." Akatabasamu. "Hata wewe umo. Hujaona picha?"

Alisema kama anampa zawadi!

Rehma aliniambia hakuhisi hasira. Alihisi kama mtu aliyekunywa chai hadi mwisho akakuta mende chini ya kikombe. Kila alichowahi kumeza kwa huyu mwanaume kilitaka kurudi juu.

Akabeba boksi lake. Swaumu akabeba la kwake. Yale mengine hawakugusa, si yao.

Nje kulikuwa na Mama Jentrix, jirani, anakaanga samaki kwa kuni. Watoto wa mtaa walikuwa hapo wanangoja mabaki. Rehma akatoa meno na filimbi ya babake, akainamisha boksi, mabehewa yakamwagika kwenye vumbi.

"Chezeni. Ni yenu."

Swaumu akaweka kofia ya babu kifuani, akamwaga ya kijani pia.

Kisha maboksi mawili matupu yakaingia chini ya karai.

Obeid alitoka mbio. Akaruka injini, akaruka watoto, hakuangalia hata behewa moja. Akatumbukiza mkono wake mzima ndani ya moto.

"Omera, ndugu, unajichoma!" Mama Jentrix akapiga kelele.

Alitoa kipande cha kifuniko, kimeungua kote, akakaa chini kwenye mafuta na magamba ya samaki, akakinusa. Mkono unatoa malengelenge, yeye ananusa.

Hapo ndipo Rehma alijua hakuna cha kulilia.

Meno alikwenda kuyazika kando ya kaburi la babake. Talaka alipewa mbele ya wazee, bila kelele.

Mwaka wa tisini na moja, Mzee Yahya, mmoja wa wale wazee, alikuja kwa Rehma amejaa aibu.

"Binti yangu, Obeid amenituma. Anataka mrudiane."

Rehma akamvutia kiti, Mzee akaketi.

"Amekusanya yale mabehewa kwa watoto, moja moja. Kuna mnunuzi anakuja kutoka ng'ambo. Obeid anataka ukakae naye siku hiyo, useme mbele ya mnunuzi kwamba boksi lilikuwepo."

Rehma alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akamkaribisha Mzee Yahya chai, kwa sababu si kosa lake.

Dada zangu mnaosoma hii, na ndugu zangu pia. Mtu akija kwenu na machungwa, msiangalie machungwa. Angalieni macho yake yanatua wapi akishaketi. Kama hayatui kwako, mrudishie machungwa yake aende.