Kofia Iliyoshuka Hadi Puani

Kanisani mwanamume anavua kofia. Msikitini anaivaa. Jambo dogo kama hilo lilikaribia kuninyima mke, na mpaka leo mtu akiniambia kwamba dini ni mambo makubwa tu, mimi humcheka usoni.

Nilizaliwa katika familia ya reli. Baba alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi kwenye treni, akakuta Mama amekwisha kujiandikisha kwenye kwaya ya parokia, wakaoana. Tulikuwa Wakatoliki hasa, wa misa ya asubuhi na rozari ya jioni. Baba akifika mlangoni pa kanisa, kofia iko mkononi kabla mguu haujavuka kizingiti. Alinifundisha hivyo kwa makofi ya kisogoni, na fundisho la kisogoni halitoki, hata baada ya mwalimu mwenyewe kuzikwa.

Basi ikawa wakati ule Katanga ilipojitenga. Mji bado uliandikwa Elisabethville kwenye vibao, sisi tukiuita Lubumbashi. Kulikuwa na bendera mpya yenye misalaba ya shaba, na askari kwenye kila njia panda, wengine wetu, wengine wageni wenye kofia za buluu. Watu wenye akili waliwaza vita. Mimi niliwaza binti wa mchinjaji.

Baba yake alikuwa Mwislamu wa asili ya Kasongo, mwenye kibanda cha nyama sokoni Kamalondo. Mzee mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Binti alimletea chakula kila mchana, na mimi kila mchana nikawa na haja ya nyama. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa; Mama alistahimili kwa muda, kisha akaweka mikono kiunoni.

"Mwana, sasa tuko mu Kwaresima, na wee unaleta nyama tena? Eko nani pale kwa mwenye nyama?"

Mama hakudanganyika kamwe, Mungu amrehemu. Nilimweleza yote. Alilia siku nzima, kesho yake akaniuliza kama huyo binti anajua kupika.

Nikasilimu. Sitasema nilisilimu kwa ajili ya msichana, wala sitasema hapana. Nilianza kwa ajili yake, kisha nikapenda mwenyewe kusimama bega kwa bega na mchukuzi wa mkaa upande huu na tajiri wa samaki wakavu upande ule, wote miguu mitupu. Shehe wa msikiti wetu, mtu wa kucheka ovyo, alinifundisha Alhamdu mpaka ulimi ukalegea. Lakini mchinjaji hakuamini. Alisema mbele ya wateja wake wote, akinipimia maini:

"Ule muntu wa treni anatafuta bibi. Mungu, hapana."

Na alikuwa na mwingine mkononi. Mfanyabiashara wa vitenge, Mwislamu wa kuzaliwa, alikuwa amekwisha kupeleka posa. Mzee akatoa sharti lake: nije kusali Ijumaa kando yake, anione kwa macho yake. Akiridhika, binti ni wangu. Asiporidhika, ni wa vitenge.

Ijumaa hiyo nilikuwa na kofia ya kuazima, ya shehe. Nilitawadha vizuri, nikavua viatu vizuri. Kufika mlangoni, mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe, ukaivua ile kofia, ukaitia kwapani. Goti la kulia nalo likainama, kama mbele ya altare. Na kana kwamba hayo hayatoshi, vidole vikaenda ukutani kutafuta maji ya baraka, vikachovya ndani ya birika la mtu la kutawadhia. Mazoea yana taabu. Nilipoinua macho, mzee alikuwa amesimama pale ndani, ananitazama.

Shehe alijaribu kuniokoa baada ya sala. "Mzee, kofia haiko faradhi. Iko adabu tu."

"Ni ile adabu njo minatafuta," mzee akajibu. Kisha akanigeukia. "Ijumaa ingine. Moja tu."

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa kuwa huna wa kumpiga.

Sasa, kwao kulikuwa na desturi. Kofia ya bwana harusi hushonwa na bibi harusi kwa mkono wake, nyeupe, yenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Kwa kawaida hutolewa baada ya mambo kukamilika. Lakini binti aliposikia yaliyonipata, alimwambia shangazi yake kwamba hatangoja: Ijumaa ya pili nitasimama na kofia yake, ili mkono wangu ukitaka kuivua ukumbuke ni ya nani. Shangazi mtu akanisimulia maneno hayo, nami nikatembea juu ya ardhi bila kuigusa.

Ila binti hakuruhusiwa kunishika kichwa kukipima, na shangazi naye hakutaka kukishika. Akaja kwetu nikiwa kazini, akamwomba Mama kitu chochote ninachovaa kichwani. Mama akampa kepi yangu mpya ya reli, iliyokuwa bado kwenye msumari. Shangazi akaizungushia uzi kwa ndani, akafunga fundo, akaenda zake.

Mtu yeyote wa reli amekwisha kuelewa kilichotokea. Kepi zile zililetwa za kipimo kimoja, kikubwa, kama waliozikata walidhani sisi sote ni maboga. Kila mfanyakazi alijaza gazeti ndani ya ule ukanda wa ngozi mpaka ikamkaa. Mama alikuwa amejaza za Baba miaka nenda miaka rudi. Ila ile yangu mpya sikuwa nimeijaza, naye kwa furaha ya kuombwa akasahau.

Shangazi alileta kofia Ijumaa yenyewe, asubuhi, imefungwa kwenye kitambaa safi. Ilikuwa nzuri mpaka nikaogopa kuigusa. Nikaivaa. Ikashuka, ikapita nyusi, ikatua juu ya masikio. Mama alicheka hadi akakaa chini. Kisha, kama mke wa reli, akanyoosha mkono kuchukua gazeti.

"Hapana!" shangazi akapiga kelele. "Iko na sura ya mukubwa wa serikali! Atasujudu na serikali mu kichwa?"

Hapo hata mimi nilicheka. Mama akakunja leso, akaipanga ndani taratibu, na kofia ikakaa kama ilivyotakiwa. Nikatoka nimenyoosha shingo kama mtu aliyebeba mtungi.

Kwenye njia panda kulikuwa na kizuizi. Askari, kijana wa rika langu, alinizunguka mara moja, akakodolea macho kichwa changu.

"Vula. Mule ndani unaficha nini?"

"Leso, shefu. Kofia iko munene."

"Juu ya nini unavaa kofia munene?"

Nifanyeje? Nilimweleza. Mchinjaji, binti, kepi, gazeti, vyote. Akawaita wenzake waje wasikie, wakacheka, wakanipiga mgongoni, wakanitakia harusi njema. Lakini amri ni amri: leso aliikunjua, akaikung'uta, ikamponyoka ikaangukia kwenye tope la mvua ya asubuhi. Aliomba radhi kweli, maskini. Wakati huohuo nikasikia adhana.

Nilifika msikitini naishikilia kofia kwa mkono. Mlangoni kulikuwa na msumari wenye kofia za kuazima kwa wasafiri, na shehe, aliponiona, akanielekezea kwa kidevu: chukua moja inayokutosha. Nilizitazama. Moja ilikuwa ya kipimo changu kabisa. Lakini kuichukua ilikuwa lazima kwanza niivue hii, palepale, chini ya macho ya mzee, na nimwambie binti kwamba kazi yake niliitundika msumarini. Nikapita, nikaenda kusimama kando ya baba yake. Aliitazama kofia kwa muda mrefu.

"Ni mwana yangu alishona?"

"Ndiyo, Baba."

Mstari ukanyooka, sala ikaanza. Kusimama nilisimama vizuri. Kurukuu nilirukuu huku nimekaza paji la uso, kofia ikiyumba. Tuliposujudu, ikateleza ikanifunika mpaka puani. Nikakaa, giza. Nikasujudu tena, giza. Nikasimama kwa rakaa ya pili naona vitundu vyeupe tu, na jasho linanitiririka shingoni. Mkono wa kulia ulianza kupanda. Niliubana kifuani kwa ule wa kushoto, kwa nguvu zote. Nikigusa kofia katika nyumba hii, nilijiambia, nimekwisha, amekwenda kwa vitenge. Nyuma yangu mtu alikohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha mafua.

Lazima mjue mzee alikuwa mtu wa namna gani katika sala. Hakujikuna. Nzi angeweza kumtembea usoni akafika sikioni akarudi. Vijana waliogeuza macho aliwakemea hadharani, na watu wazima pia.

Shehe alikuwa katikati ya kisomo. Nikasikia nguo ikisogea upande wangu wa kulia. Kisha vidole vikavu, vyenye harufu ya ndimu aliyonawia kuondoa harufu ya nyama, vikanigusa paji la uso. Viliinua kofia polepole kutoka puani, vikaipandisha juu ya nyusi, vikaikaza kidogo kwa nyuma ishike. Mwanga ukarudi. Mkono ukarudi mahali pake kifuani, na mzee akaendelea kutazama mbele. Tuliporukuu, alinyoosha vidole viwili akaishikilia isianguke. Tuliposujudu ikaniponyoka tena, akaipandisha tena tulipokaa.

Baada ya salamu hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wameona. Mzee alikaa kidogo akimaliza uradi wake, kisha akamwita shehe kwa sauti ya sokoni.

"Shehe, usiende. Tumuoze uyu leo."

"Leo, mzee? Na karamu?"

"Nyama iko kwangu. Binti alisha kukubali tangu zamani, ni mimi tu nilikuwa ninakatala."

Mtu akapendekeza nibadilishe kofia kwanza, maana ndoa ni ndoa. Mzee akamkata kauli: "Wacha ile kofia. Kichwa kitakomea mule, kitaijaza." Msikiti mzima ukacheka, na yeye mwenyewe akacheka, mara ya kwanza kumwona meno.

Akanishika mkono mbele ya shehe. Akatamka kwamba ananioza binti yake, na mimi nikajibu kwamba nimekubali, sauti ikakatika katikati ya neno ikabidi nirudie. Walipoanza kuniombea dua, mikono yote imeinuliwa, ule mkono wangu wa kulia ukapanda tena. Safari hii niliuacha. Niliishika kofia ya mke wangu, nikaivuta chini mpaka puani, nikalia humo ndani kwa raha zangu.